Mzee Meno na Beberu wa Shemeji

Marehemu ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa wazazi wetu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya machinjio. Labda ndiyo maana alikua akipenda zaidi wanyama walio hai.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1966. Mwaka 1972 aliajiriwa mhudumu wa mifugo, akastaafu 2006. Alichanja mbuzi na kondoo, akawaogesha, akawavisha hereni za namba. Umri wao aliusoma mdomoni: meno mapana mawili ya mbele, mwaka na kitu; manane, amekomaa; yakianza kung'oka, huyo bibi. Ndipo akaitwa Mzee Meno.

Alipochumbia mwaka 1978, shangazi yetu alimwonya, "Huyu usimfunue mdomo, tafadhali!" Binti akacheka, wakaoana, wakapata watoto wanne.

Mwaka 1989, homa ya mapafu ya mbuzi ikiwa imetanda, shemeji yake, kaka wa mkewe, alimletea beberu wa zawadi. Marehemu alimfunga zizi la pembeni, maana mbuzi mgeni hachanganywi na wenyeji mpaka aangaliwe wiki kadhaa. Shemeji akawaka.

"Sema tu mimi ndiye nisiyefaa kwako!"

"Wewe karibu ndani, shemeji. Beberu ndiye atakayesubiri."

Hakuingia. Haikupita muda beberu akakohoa, akafa. Mbuzi wa nyumbani, waliokuwa karo ya watoto, walisalimika. Lakini shemeji aliona ametangazwa kuwa mleta maradhi, hakukanyaga tena pale. Marehemu alimfuata miaka na miaka, akiambiwa hayupo, na viatu vyake viko mlangoni.

Kifua kilianza kumsumbua 2021. Tulizunguka naye hospitali mpaka tukachoka, naye akachoka zaidi. Mwezi uliopita shemeji alikuja bila kuitwa.

"Umezeeka," marehemu akamwambia.

"Umejuaje? Hujaniangalia meno."

Wakacheka mpaka kikohozi kikawakatiza. Habari za beberu hazikutajwa. Tangu hapo shemeji ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani. Ndugu yetu alifariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, asubuhi, ameegemea mkono wa shemeji.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, mimi kaka yake, na shemeji huyo, aliyeomba atangulie kutia udongo. Familia tumekubali.

Umechoka, ndugu yetu. Pumzika sasa kwa amani.