Mama wa Mwana Mpotevu

Mwaka 1951, katika lori la kwenda Nanyala, nilimsikia Anania, mzee wa kanisa, akimkataza Felista kuimba wimbo aliotunga kwa ajili ya mchezo wa Mwana Mpotevu.

“Katika Injili kijana ana baba tu. Huyo mama unayemwimbia umemtoa wapi?”

“Na yule ndama, mzee, alipikwa na nani?”

Abiria walicheka. Mimi, niliyefundisha Maandiko miaka ishirini, nilitazama viatu vyangu.

“Jumapili utaimba zaburi,” Anania alimwambia.

“Mwanangu ana mwaka wa nne migodini, ng’ambo ya mpaka, na baba yake amekataza asitajwe nyumbani. Nimwitie wapi, mzee, kama si katika mchezo?”

Anania alifungua Injili yake, akafuata mistari kwa kidole. Lori liliposimama Nanyala, alikuwa bado anatafuta.