Shimo Moja Bado Liko Wazi

Assalamu alaykum, wasikilizaji wapendwa. Mlio jikoni, punguzeni moto kidogo mkae mtusikie. Mlio barazani, tunawaomba mazungumzo yenu yangoje. Leo tunamkumbuka Matano wa Chirau, mtu wa Mwabungo. Alikuwa mpima udongo wa msituni. Amefariki msimu huu wa kaskazi, na masika bado hayajaanguka. Matano wa Chirau, mpima udongo, mtu wa Mwabungo. Mola amlaze pema.

Baadhi yenu mlimjua kwa jina la Mchimba Makaburi. Jina hilo alilirithi. Babake, mzee Chirau, ndiye aliyekuwa akiwachimbia Waislamu wa Mwabungo makaburi yao, na mwanawe akaishika kazi hiyo baada yake. Matano alijua kuchonga mwanandani, ule ubavu wa kaburi anamolazwa maiti, pasimwagike hata ukufi wa mchanga. Akishika udongo kiganjani alijua kama utasimama au utaporomoka.

Na lipo jambo moja la mzee Chirau ambalo mwanawe hakulisahau. Kaburi likichimbwa kisha lisipate mtu, labda kipimo kimekosewa, labda maiti amezikwa kwao, basi haliachwi wazi. Hutiwa mgomba. Mgomba unalazwa chini, udongo unarudishwa, watu wanakwenda zao. Kaburi limepata kilicho chake. Ndivyo walivyofanya wazee, na ndivyo mzee Chirau alivyofanya mpaka siku yake ilipofika.

Sasa, mnamo mwaka wa hamsini na tatu, alikuja bwana mmoja wa misitu. Alitaka kujua kama msitu ule ulio upande wa bara kutoka Mwabungo unafaa kupandwa miti ya mbao. Akatafuta watu wa kuchimba mashimo ya kupimia udongo. Akaambiwa, mwenye mkono wa kuchimba hapa ni mmoja tu. Matano akaandikwa. Kazi ilikuwa ya msimu. Kaskazi ikianza anaingia msituni, masika yakikaribia anatoka.

Alichimba mashimo ya urefu wa mtu, kina chake kifuani, kuta zimenyooka. Aliunyunyizia ukuta maji, akaukwangua kwa kisu, akautazama unavyobadilika rangi kutoka juu kwenda chini. Mweusi wa majani yaliyooza, halafu wa kahawa, halafu mwekundu kama ngeu. Aliuviringisha udongo vidoleni aone unashikana au unakatika. Akautia katika vifuko vya kitambaa cha marekani, akavibeba mpaka kwa Bwana.

Aliipenda kazi ile, jamani. Jioni akipita kwa Athmani muuza kahawa, vijana walimkalia shingoni, Athmani akiwaongoza.

"Ewe Mchimba Makaburi! Leo umemzika nani huko porini?"

"Nimemzika mkweo, Athmani. Funga kahawa ukalie."

"Alhamdulillahi! Basi kikombe hiki kunywa bure!"

Watu walicheka. Matano naye alicheka. Siku zile alikuwa mtu wa kucheka.

Lakini mamake hakucheka. Mamake ni Bi Mwanapili, yuko hai, na ametupa ruhusa ya kuyasema haya. Alimwambia, "Mwanangu, unachimba kitu cha urefu wa mtu, unakiacha kimeachama. Babako angekubali?"

"Mama, lile si kaburi. Ni shimo la kazi."

"Shimo halijui kama ni la kazi."

Neno hilo lilimkaa. Akamwendea bwana wa misitu, akaomba ayafukie mashimo kabla ya masika. Bwana akakataa. Alisema mtaalamu mkubwa anakuja kutoka Nairobi, naye sharti azione kuta kwa macho yake. Mashimo yabaki.

Hapo ndipo Matano alipofanya alilofanya, wasikilizaji wapendwa. Hakutaka kumuudhi mama, wala hakutaka kumuudhi Bwana. Akakata migomba, akalaza mmoja chini ya kila shimo, kama babake. Kisha juu ya mdomo wa shimo akatandaza fito na makuti, na juu ya makuti akamwaga majani makavu, ili kuta zisiharibiwe na mvua, na ili anayepita asikutane na kaburi wazi akaingiwa na hofu. Mama akaridhika. Bwana naye akaridhika. Shimo likawa halionekani.

Hakuwa mzembe. Ijumaa ile, baada ya swala, alisimama msikitini akatangaza. "Jamaa, msituni kuna mashimo. Nimeyafunika kwa makuti. Anayekwenda huko atazame anapokanyaga." Wanaume wakaitikia, wakamshukuru, wakatoka kuvaa viatu vyao.

Lakini wanaume wa Mwabungo hawaendi msituni kutafuta kuni. Wanaokwenda ni wanawake. Wako waume waliofika nyumbani wakawaambia wake zao. Wako waliosahau kabla hawajafika mlangoni. Matano mwenyewe alimwambia mkewe, Mbeyu. Mbeyu alikuwa na mimba pevu, haendi popote. Akasema, "Haya," akaendelea kukuna nazi yake.

Mtaalamu hakuja. Kaskazi ikaisha. Masika ya mwaka wa hamsini na tano yakaanguka, tena yakaanguka kwelikweli. Katikati ya mvua hizo Mbeyu akajifungua mtoto wa kike.

Akaja Esha kumlea mzazi. Esha ni dadake Matano, dada wa pekee, aliyeolewa Gazi na Suleiman, mkata boriti za mikoko. Esha wa Gazi. Msikiti wa Mwabungo haukumhusu, na mumewe siku ile ya tangazo alikuwa Gazi. Alikuja na kanga zake mbili na chupa ya mafuta ya nazi ya kumkandia wifiye.

Mbeyu anakumbuka walivyosemezana asubuhi ile. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Kuni za uani zote zilikuwa mbichi.

"Wifi," Esha alisema, "maji haya hayachemki hata tukiyabembeleza. Nakwenda kutafuta kuni kavu ndani ya msitu, chini ya miti mikubwa."

"Ngoja Matano arudi."

"Kakangu huleta vifuko vya mchanga tu. Nikuogeshe mchanga? Lala, mama. Sichelewi."

Mbeyu alicheka, akalala. Alikuwa amechoka, mtoto ananyonya. Habari ya mashimo haikumjia kichwani. Ilimjia adhuhuri, alipoona ua bado uko kimya. Akapiga ukelele, mzazi wa siku tatu, akatoka nje bila ya ushungi.

Matano ndiye aliyemkuta dadake. Aliona mzigo wa kuni chini ya mti, kuni kavu, zimefungwa vizuri kwa kamba ya mnazi. Mbele kidogo akaona makuti yametoboka. Udongo wa pale ni wa kichanga, na Matano alijua tangu siku alipouchimba kwamba ukishiba maji hausimami. Ukuta ulikuwa umemporomokea Esha akiwa majini. Na mgomba, ule mgomba uliotiwa ndani ili shimo lipate kilicho chake, ulikuwa umeelea juu.

Tuseme nini, wasikilizaji? Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Esha alizikwa Gazi siku hiyohiyo. Matano alikwenda na jembe lake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzikwa katika ukoo ule bila ya mkono wake au wa babake. Suleiman, mume wa marehemu, akasimama mbele yake njiani.

"Umekwisha kumchimbia," Suleiman alisema. "Yatosha."

Matano akaliweka jembe chini. Dadake akachimbiwa na watu wengine.

Mtaalamu alikuja baadaye, mvua zilipokatika. Alitazama shimo moja, akasema udongo haufai kwa miti ile, akapanda gari. Hakuna mti uliopandwa. Kazi ya udongo ikaishia hapo. Vifuko vya marekani vikaachwa katika banda la Bwana mpaka vikaliwa na mchwa.

Yule mtoto, Mbeyu alimpa jina la Esha. Leo anakimbia uani. Babake hakuweza kulitamka jina hilo hata mara moja. Alimwita "binti." Njoo, binti. Kula, binti.

Na kila kaskazi, ingawa hakuna aliyemwajiri, Matano wa Chirau aliingia msituni kama zamani. Sasa alikwenda kufukia. Na udongo uliotoka shimoni, ukishanyeshewa ukachukuliwa na maji, ukirudishwa hautoshi. Akauchota kwingine, akaubeba kwa pakacha begani. Masika yakija, udongo unashuka, panabonyea tena. Kaskazi inayofuata anarudi pale pale. Mengine yalimpotea kwanza, msitu ulikuwa umeota juu yake, akawa anatafuta kwa fimbo. Kwa Athmani hakupita tena kunywa kahawa.

Kila Idi alikwenda Gazi kwa miguu kumtaka radhi shemejiye. Suleiman alikuwa akija mlangoni, akimjibu salamu, kwa sababu salamu ni wajibu kuijibu. Hamkaribishi.

"Shemeji, nimekuja."

"Nimekuona."

"Nataka radhi yako."

"Na mimi namtaka mke wangu."

Kisha Matano anarudi Mwabungo. Mwaka huu hakusubiri Idi. Alikwenda akiwa na homa, kifua kinambana, akapewa majibu yaleyale, akarudi.

Siku chache baadaye alimwambia Mbeyu asubuhi, akichukua pakacha, "Nimeliona lile nililokuwa nikilitafuta. Limebaki hilo moja tu." Hakumwambia liko wapi. Mbeyu naye, kwa jinsi alivyofurahi kumsikia mumewe akitaja mwisho wa jambo lile, hakuuliza.

Waliomkuta ni wanawake wa kuni, Bi Khamisa na wenzake. Alikuwa ameketi, mgongo umeegemea mti, pakacha limejaa udongo mapajani. Walidhani amepumzika. Hapakuwa na shimo mahali pale. Alikuwa bado njiani.

Mazikoni, shehe aliwauliza waliohudhuria, kama inavyoulizwa siku zote, "Ndugu yenu huyu, mmemsamehe?" Watu wakajibu, "Tumemsamehe." Suleiman alikuwepo. Alikuja kutoka Gazi na jembe begani. Wote walimtazama. Shehe akauliza mara ya pili, na Suleiman hakufungua kinywa.

Lakini kaburi lilipokuwa tayari kufukiwa, alishuka ukingoni akaanza kufukia. Mtu akanyoosha mkono apokee jembe, kama ilivyo desturi. "Niacheni," Suleiman alisema. Akalifukia peke yake, mpaka mwisho. Kisha hakurudi Gazi. Akashika njia ya msituni na jembe lake.

Bado anatafuta lile shimo lililobaki. Bi Mwanapili anampelekea chakula mchana. Ametuambia, "Anakula, ananirudishia sahani, anaingia tena."

Kwa Bi Mwanapili, aliyezika mume na watoto wote wawili, kwa Mbeyu, kwa mtoto Esha, na kwako, Suleiman, kama uko mahali unapotusikia: tunawapa mkono wa pole. Subira ni nzito, na hatuna cha kuwaongezea ila dua.

Nasi tuliobaki tujiulize. Ni maneno mangapi ya kuokoa roho tuliyoyatoa mahali ambapo mwenye kuyahitaji hayupo?

Akina mama wa Mwabungo, wa Galu, wa Gazi, na nyinyi mlioolewa mbali mkaja kuwatazama wenzenu: maneno haya ni yenu. Msituni, upande wa bara, limebaki shimo moja. Hatujui liko wapi. Juu lina majani kama mahali pengine popote. Nendeni wawili wawili. Tangulizeni fimbo, ndipo mkanyage. Na kama jikoni kwa jirani yako hakuna redio, inuka sasa hivi, usingoje kesho, ukamwambie.