Profesa Aliyeomba Msamaha Akauliza Swali

Asanteni kwa kufika, mlio upande wa wanaume na mlio upande wa wanawake. Karatasi mliyopewa mlangoni imechapishwa na chuo, na picha ya mbele ni ya zamani, enzi ambazo marehemu bado alikuwa na mashavu. Mkuu wa idara yake aliniomba mimi dada mtu niandike, akaniletea na mfano wa wasifu wa profesa mwingine ili nisipotee. Mfano ule umejaa neno "mnyenyekevu". Nimelitafutia mahali pa kuliweka katika maisha ya mdogo wangu, sikupaona. Baadaye kidogo, kabla jeneza halijanyanyuliwa, kila mwenye haki juu ya marehemu ataombwa amsamehe. Wengi wenu mtaitikia kwamba mmemsamehe, na mtakuwa mnasema kweli, kwa kuwa hakuwakosea kitu. Lakini yupo mtu mmoja ambaye marehemu alikufa akiutaka msamaha wake. Nitafika kwake, msiwe na haraka.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu inayotazamana na karakana ya baiskeli. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto wanne. Baba yetu alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache. Mama alikuwa na ulimi wa wembe, na huo ndio urithi alioniachia mimi. Tangu alipojua kusema, marehemu hakuacha kuuliza, tukambandika jina la Kwanini. Hata alipokuwa profesa mwenye mvi, akipita mtaani, wazee walimwita hivyo hivyo.

Alianza chuo cha Kurani akiwa na miaka sita. Ijumaa moja baba alimpeleka msikitini, na waliporudi akamuuliza khatibu amesema nini. Mtoto akajibu kwamba hakusikia, alikuwa anatazama viatu. "Wenye viatu vya ngozi wanaingia navyo ndani, baba. Wenye ndala wanaziacha mlangoni. Mbona wenye ndala ndio wanaomwamini Mungu zaidi?" Baba alimtandika kofi la kisawasawa. Baada ya sala ya alasiri akaenda mwenyewe kumhadithia imamu, na wazee wale wawili walicheka mpaka wakatafuta pa kukaa. Hiyo ndiyo ilikuwa sosholojia ya kwanza ya mdogo wangu. Kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote alizofanya, kwa sababu aliyeumia ni yeye peke yake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970 na sekondari mwaka 1976, mara zote akiwa wa kwanza, na mara zote akihakikisha tunajua. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 1980. Mwaka 1983 akaenda nchi ya baridi kusomea udaktari wa falsafa, akarudi mwaka 1988 na koti zito lisilo na kazi huku kwetu. Alirudi pia na maneno mawili ambayo hatukuwa tumeyasikia mdomoni mwake: "jamii hizi." Jioni ya kwanza tumekaa tunakula, akaanza kutueleza. "Katika jamii hizi, mama ndiye anayeshikilia mamlaka ya ndani." Mama akaweka kijiko chini. "Jamii zipi, baba?" Akajibu, "Hizi za Waislamu." Mama akamwambia, "Basi mamlaka ya ndani yanakuambia uoshe sahani." Alizisafisha, lakini maneno yale hakuyaacha.

Tarehe 14 Septemba 1991 alimwoa wifi yangu, mkutubi wa chuo. Wifi ni mwanamke mpole, lakini macho anayo. Alikuwa ameshasoma makala mbili za mchumba wake, na siku ya ndoa akatoa sharti mbele ya kadhi: yeye asiandikwe popote, kwa jina wala bila jina. Wanaume walicheka. Kadhi akauliza mara ya pili kama ana uhakika, na yeye akasema hatoki pale mpaka mwanamume akubali. Akakubali. Ndiyo maana wifi yangu ni mwanamke pekee wa ukoo huu asiye na ukurasa katika vitabu vya mumewe. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Sasa niseme kuhusu kazi. Marehemu alifundisha Idara ya Sosholojia tangu mwaka 1988 hadi alipostaafu, akapanda mpaka uprofesa. Aliandika vitabu sita kuhusu Uislamu na maisha ya Waislamu, na wanafunzi wake wako hapa, nawaona, wengine wameshaanza kufuta macho. Wanajua kwamba alikuwa mwalimu hodari, na mimi sitawapinga. Jina lake lilijengwa na kitabu cha kwanza, kile cha jalada la kijani, kuhusu wanawake na talaka. Kitabu kile kilizaliwa sebuleni kwangu. Wakati huo wanawake wa mtaa tulikuwa na darasa la dini kila Jumanne, na aliyetufundisha alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulimwita Ustadha. Alikuwa na elimu, ucheshi, na mguu mmoja uliodhoofika tangu utotoni. Marehemu aliomba kuwahoji wanawake wale mmoja mmoja, kwangu, kinasa sauti kikiwa mezani. Ustadha alimuuliza jambo moja tu kabla ya kuketi.

"Jina langu halitatajwa?"

"Wallahi halitatajwa."

Na kweli hakulitaja. Alimwita "Bi Z." Kisha, kwa kuwa walimu wake wa kule kwenye baridi walimfundisha kwamba msomaji lazima amjue mhojiwa ni mtu wa namna gani, akaandika kwamba Bi Z. ni mwalimu wa darasa la wanawake, anachechemea, ni mama wa watoto watatu, na mumewe anauza miwani mkabala na posta. Ndugu zangu, mwenye kuuza miwani mkabala na posta alikuwa mmoja. Chini ya maelezo hayo akayapanga maneno ya Ustadha kama alivyoyatamka: "Nikisikia mlango unafunguliwa, naomba awe jirani, asiwe mume wangu."

Kitabu kilitoka mwaka 1994. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akisoma chuoni alikinunua kwa fahari, akakipeleka kwa kinyozi, akawasomea watu kwa sauti yale yanayowahusu. Walicheka sana walipofika kwa muuza miwani. Muuza miwani alikuwa amekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Aliinuka vivyo hivyo na shuka la kinyozi shingoni, akaenda nyumbani, akampa mkewe talaka tatu kizingitini. Watoto akawapeleka kwa ndugu zake mji mwingine, na mdogo wao hata herufi alikuwa bado hajazijua. Darasa la Jumanne lilikufa wiki ile. Wanawake waliniuliza ni yapi mengine yaliyomo kwenye kile kinasa sauti. Mpaka leo nikiingia mahali, mazungumzo hupungua. Nilimpenda mdogo wangu, nami nina hasira naye. Nimejaribu kuvitenganisha vitu hivyo viwili nikashindwa.

Ustadha alimfuata ofisini. Nilikuwepo. Chumba kilikuwa kidogo, vitabu mpaka dirishani, na kiti cha wageni kimejaa karatasi, hivyo alisimama na mguu wake ule. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Kaka, umenifanyia nini?" Marehemu akavua miwani, akaifuta, akasema, "Pole sana. Lakini jina lako sikulitaja." Tulitoka.

Mngedhani yaliishia hapo. Kitabu kilipata tuzo, kikachapwa mara ya pili, na katika chapa hiyo marehemu aliongeza tanbihi chini ya ukurasa ule. Nainukuu, maana wanafunzi wake wanaijua kwa moyo: "Baada ya kuchapishwa kwa utafiti huu, Bi Z. alipewa talaka, jambo linalothibitisha hoja ya sura hii." Mwaka 2001 akawa profesa.

Kwa muda mrefu hatukulizungumza. Alikuja kwangu sikukuu zote, alinilipia matibabu ya macho, alimzika mama kwa heshima. Mwezi wa Februari mwaka huu alianza kukonda, na Mei madaktari wakasema ni saratani ya ini, imeshatembea. Hapo ndipo aliponishika mkono akasema, "Dada, niletee yule." Sikumuuliza nani. Nilikwenda kwa Ustadha nikakataliwa, nikaenda tena nikakataliwa. Safari ya tatu aliniangalia sana, akachukua mtandio.

Ilikuwa mchana, wodi imetulia. Wifi alimpa Ustadha kiti. Marehemu alijitahidi kukaa, macho yamekuwa ya njano, akasema, "Dada yangu, nilikudhulumu. Nisamehe." Alilia alipoyasema, na machozi yale yalikuwa ya kweli, namjua tangu amefungwa nepi. Ustadha alivuta pumzi, akafungua mdomo. Na mdogo wangu akanyanyua kidole.

"Kabla hujajibu. Samahani. Mwanamke wa hali yako anaposamehe, anasamehe kwa sababu ya dini, au kwa sababu ya kuogopa watu watasemaje?"

Mkono mwingine ulikuwa umeshaweka simu juu ya shuka. "Utaniruhusu nirekodi?"

Ustadha alifunga mdomo. Alichukua mkoba wake, akampa mkono wifi yangu, akaondoka kwa mwendo wake ule ule. Wifi aligeukia ukutani. Marehemu alibaki anautazama mlango, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu nilimwona anaogopa.

"Dada, nimeharibu?"

"Umeharibu."

Alimpigia simu siku zilizofuata, mpaka sauti ikamwishia, na simu haikupokelewa. Alifariki dunia alfajiri ya jana, mkewe akiwa amemshika kichwa na mimi miguu. Hakuwa na maumivu makubwa ya mwili.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja mwenye ulimi, na wanafunzi wasio na idadi. Wanafunzi, nisikilizeni. Niliyoyasoma hapa kuhusu Ustadha, nilimpelekea jana mchana, nikamsomea neno kwa neno kabla ya kuyapeleka kuchapwa. Alikuwa anakunja nguo zake kitandani. Alinitaka nifute mambo mawili, nikayafuta, na hamtayajua. Mengine akasema soma, mtaa mzima unayajua tangu kwa kinyozi, ila haujawahi kuyasikia kwa adabu. Kisha nikamuuliza lile lililonipeleka. "Kesho watu wataombwa msamaha wake. Nawe unasemaje?"

Alikunja nguo moja, akaikunjua, akaikunja upya. "Siku ile hospitali nilikuja nao," akaniambia. "Nilitoka hapa nimeshamsamehe. Njia nzima nimeubeba, nimebakiza kuutamka tu. Akaniwekea simu. Tangu siku hiyo nautafuta, dada. Si jeuri, naapa. Nautafuta kweli, siuoni."

Leo hakuja, kwa hiyo msimtafute kwa macho. Sisi tuliokuja tuitikie kwa sauti kwamba tumemsamehe, kwa sababu kaburi liko wazi na jua halimsubiri mtu. Mwenyezi Mungu amrehemu mdogo wangu na ampumzishe. Amani haimo mikononi mwetu. Anayeweza kumpa ni Ustadha, naye yuko nyumbani kwake, bado anautafuta ule msamaha.