Siku Kumi na Moja za Mlango Uliofungwa

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniacha hai hata nikawa mzee wa kuinuliwa kitini, ili niwaeleze jambo hili kwa kinywa changu mwenyewe.

Nianze na kosa. Asubuhi moja, katika miaka ya hamsini, jamaa zangu walikaa ukumbini kwangu wakanitaka nimwamuru mke wangu, Mwanahawa, apite nyumba kwa nyumba akiwaomba radhi watu aliowafungia mlango nilipokuwa mgonjwa. Nilikubali. Laiti ningalikataa! Nilikuwa na haki zote za kusema hapana, na sikusema.

Sasa sikilizeni nilivyookolewa, ndipo mtajua nilimkosea nani.

Wakati huo nilikuwa karani wa forodha hapa kisiwani Amu. Nilikuwa nimesoma sekondari Mombasa, na mtaani kwetu kila barua ya Kizungu ililetwa kwangu nisome. Kiburi kilinijaa, ndugu zangu! Magoti yalikuwa yakiniuma, basi safari moja ya Mombasa nikanunua kopo la vidonge vyeupe kwa mtu aliyekuwa akiviuza sokoni. Sikumwuliza daktari. Nilisoma karatasi iliyokuwa ndani ya kopo nikajiona daktari mimi. Nikawa nameza vitatu kila siku, mwezi baada ya mwezi, na maumivu yakatulia.

Kisha koo likaanza kuuma. Homa ikapanda, nikatetemeka hata kitanda kikalia. Mdomo ukajaa vidonda, nikawa siwezi kumeza hata mate yangu. Nikafanya nini, mimi msomi? Vile vidonge vilishusha homa pia, basi nikaongeza! Homa ilitua saa chache, kisha ikarudi kali kuliko kwanza.

Mwanahawa alikuwa mtu wa kisiwa cha Ndau, binti wa mvuvi, hakujua kusoma hata jina lake. Lakini yeye ndiye aliyelichukua lile kopo akalificha ndani ya buibui, akaenda nalo hospitali kwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, Bwana Lali.

"Sijui kilichoandikwa humu," alimwambia, "ila tangu aanze kula hivi, mume wangu si yule."

Bwana Lali alikuja akanitoboa kidole, akapaka damu kwenye kioo, akaenda kuitazama kwa hadubini. Aliporudi hakukaa.

"Bwana Abdalla, chembe nyeupe za damu yako zimekaribia kwisha. Hizo ndizo zipiganazo na maradhi. Wewe sasa ni mji ambao wanaume wake wote wamekwenda Hijja. Mwizi aingia apendavyo."

"Zimekwenda wapi?" Mwanahawa akauliza.

"Hupungua kwa mengi, Bi. Malaria huzipunguza, na homa ya matumbo, kisha mtu akipona hurudi zenyewe. Bandama likivimba huzila. Wako watu waliozaliwa nazo chache na wanaishi salama, wala hawajui. Za huyu zimeuawa na hivi vidonge. Si kila avimezaye hupatwa, lakini huyu amepatwa, na amepatwa vibaya."

Akatoa amri zake. Kidonge kile nisikiguse tena maishani mwangu. Yeye atakuja na sindano ya penisilini asubuhi na jioni. Nisilazwe wodini kwa sababu kuna wenye vikohozi. Nilale chumba cha juu nyumbani. Maji yachemshwe, chakula kiive sawasawa, matunda mabichi yakae kando, nisukutue kwa maji ya chumvi, na anigusaye anawe kwa sabuni kwanza.

"Na mtu asiingie," akasema. "Mtu yeyote. Mafua ya mtoto yatosha kumwua."

Ndugu zangu, mwajua uzito wa neno hilo kwetu! Kumzuru mgonjwa ni ibada. Mgonjwa wa Amu hulala katikati ya watu. Huyu amemsomea maji, yule anamkanda miguu, na asiyefika husemwa mpaka kaburini. Nani angethubutu kufunga mlango?

Mwanahawa alithubutu. Aliweka kigoda chini ya ngazi akakikalia siku kumi na moja, na mimi juu nikisikia kila neno.

Alikuja Dada Khadija, aliyenilea mama alipokufa, na bakuli la uji mkononi na mafua yake puani.

"Nipishe ndia, wifi."

"Uji naupokea, dada. Wewe hupiti."

"Mimi! Niliyemfuta kamasi kwa mikono hii?"

"Leo zako zatosha, dada."

Watu waliokuwa barazani wakacheka. Dada Khadija hakucheka.

Akaja Ami Shee, mkubwa wa ukoo wetu, pamoja na mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Wamjua unayemzuia, mwana wa Ndau? Huko kwenu muna milango, hata mukajua kuifunga?"

"Hatuna mingi, Ami. Ndiyo maana huu mmoja naushika sana. Mwalimu, niwie radhi, tuombee dua papo hapo chini. Mungu asikia na hapa chini."

Mwalimu, Mungu amrehemu, aliinua mikono akaomba pale pale, akaenda zake bila kinyongo. Huyo peke yake. Wengine walisema Mwanahawa ameniroga. Wengine wakasema nimekwisha kufa naye amenificha, ikabidi anipigie kelele, "Bwana, gonga sakafu wasikie!" Nikagonga kwa kikombe, na huko chini watu wakabishana kama ni mimi niliyegonga au ni jini.

Siku ya tisa Bwana Lali alitazama damu yangu akarudi mbio. "Zimeanza kurudi! Chache, lakini zimo." Allahu Akbar! Siku ya kumi na moja homa ilikuwa imekatika, nikanywa uji bila kulia. Haikuwa elimu yangu, ndugu zangu! Mungu aliniponya kwa mkono wa dresa mwenye ujuzi, na kwa mwanamke aliyekubali kuchukiwa na mji mzima ili mimi niishi. Sijaona ushujaa kama ule, tangu siku hiyo hadi leo.

Ndipo jamaa zangu wakaja, ile asubuhi niliyoanza nayo.

"Ametuvunjia heshima," akasema Ami Shee. "Aombe radhi nyumba kwa nyumba. Asipoomba, hatukanyagi hapa tena, na siku ukifa uzikwe na watu wa Ndau."

Nilijua ukweli, na ulimi wa kuueleza nilikuwa nao. Nikaogopa kuachwa peke yangu. Nikamwita.

"Nenda tu, Mwanahawa, yaishe."

"Niombe radhi kwa kosa lipi, bwana?"

Nikatazama mkeka.

Akavaa buibui akaenda. Alipita nyumba zote, hata ya Dada Khadija. Kisha akarudi, akanipikia chakula changu, akanichemshia maji, akaniomba ruhusa ya kwenda kumwona baba yake Ndau. Hakurudi. Nilimfuata mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Kukuuguza hakukunichosha, bwana. Ile asubuhi ndiyo iliyonichosha." Baba yake akaomba talaka kwa adabu, nami nikaiandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu, naye huponya! Lakini msijimezee dawa kwa kujisomea, na koo na homa vikiwashika mkiwa katika dawa, mwoneni daktari siku hiyo hiyo. Mkizuiwa kwa mgonjwa, ombeni dua mlangoni mwende zenu. Na mtu akisimama kwa ajili yenu, simameni naye mbele za watu.

Jamaa zangu walinisamehe upesi, na wote sasa wametangulia. Mwanahawa aliolewa Kizingitini, akazaa, akafa huko. Habari zilinifikia baada ya mazishi. Mimi nilioa tena na sikudumu na mtu. Mungu alinirudishia uhai, na mke aliyeulinda nilimpoteza, kwa sababu niliwaogopa watu.