Vidonge vya Usingizi vya Kerege

Mgeni rasmi, Daktari Yunus Kombo, mkuu wa utafiti wa dawa ya usingizi, viongozi wa kijiji, wauguzi, majirani zetu: assalaam alaykum, na kwa wasio Waislamu, habari za mchana.

Sisi ni washiriki arobaini wa utafiti huu, wanawake ishirini na sita na wanaume kumi na wanne. Tunakushukuru kwa kufunga safari kuja kutupa vyeti vyetu. Risala hii tumeitunga wote. Anayeisoma, Zaina binti Maulidi, ametoa sauti tu. Ile nakala uliyopelekewa wiki iliyopita tunaomba iwekwe kando, maana tumeongeza maneno.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, mtu asiyelala hana kidonda cha kuonyesha. Ukisema unaumwa, watu wanakutazama juu mpaka chini, kisha wanakwambia punguza mawazo. Mwenzetu Amiri alilinda ghala usiku kwa miaka kumi na moja. Kazi ikaisha, lakini mwili wake haukupata habari. Bi Habiba hajalala usiku mzima tangu alipotoka eda. Tumekunywa kombe la dua, tumejifukiza, tumenunua vidonge dukani bila kujua hata majina yake. Kwa hiyo watu wako walipopita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hapati usingizi, tulijiandikisha kabla hawajamaliza kueleza.

TULIYOFAIDI

Muuguzi wetu, Adila, alikuwa anatoka Dunda kila Jumatatu kwa bodaboda, begi mapajani. Alitufundisha mambo yasiyohitaji dawa: kuamka wakati ule ule kila siku, kutojinyoosha mchana, kuiacha simu chumba kingine, kuacha kahawa baada ya alasiri. Muuza kahawa wa barabarani mpaka leo anaitikia salamu zetu kwa shingo upande. Bangili ya kupima usingizi tuliivaa miezi mitatu, ingawa watu walituuliza kama tumetoka mahabusu kwa dhamana. Amiri, ambaye saa mbili za usingizi zilikuwa bahati, sasa anapata tano. Tunashukuru sana kwa hayo.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo tulipoongeza maneno. Tunaomba washiriki wote wasimame, ili mgeni rasmi asidhani kuwa ni jambo la mtu mmoja.

Siku ya kupewa chupa za vidonge, Adila alitueleza waziwazi. Nusu yetu tungepata dawa yenyewe, na nusu tungepata kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani. Nani kapata kipi, hata yeye hakujua. Siri hiyo ilikuwa kwenu ofisini. Akatuuliza kama tumeelewa. Tukasema tumeelewa.

Alipoondoka, Bi Swaumu akasema, "Hivi jamani, mimi nilale fofofo, na Habiba hapo ukuta kwa ukuta akodoe macho? Asubuhi nitamwamkia kwa uso gani?"

Mzee Mrisho ndiye anayegawa nyama ya sadaka hapa kwetu, na hajawahi kulalamikiwa. Akasema, "Leteni ungo."

Tukamimina humo vidonge vya chupa zote arobaini. Mzee akavichanganya kwa mkono, akagawa upya, ishirini na nane kwa kila mtu, na kila mtu akarudisha fungu lake katika chupa yenye namba yake. Tukasoma Fatiha, tukaenda zetu kwa furaha. Tuliona tumetenda haki, na mpaka hapo hakuna aliyedhani kwamba ameharibu kitu.

Mwezi uliofuata damu zetu zikapimwa, na dawa ikaonekana kwa watu wote, hata kwa wale ambao hawakutakiwa kuwa nayo. Ofisi yako ikaona kuna aliyechanganya chupa kabla hazijatufikia. Mwenye funguo za kabati la chupa hizo alikuwa mmoja tu. Adila akapewa barua ya kusimamishwa kazi, na hii ni wiki ya saba.

Alikuja kutuaga. Akasema, "Mimi najijua nilivyowapa, wazee wangu. Lakini nitathibitisha vipi?" Tulikuwa tumekaa mkekani mbele yake, watu arobaini wazima, tukatazama chini. Tuliogopa kufukuzwa kwenye utafiti na kurudia macho makavu. Kwa hilo tunaona aibu, mgeni rasmi, na aibu hiyo hatumgawii mtu mwingine.

MAOMBI

Kwanza, vyeti virudi ofisini. Vimeandikwa kwamba tumefuata masharti, nasi hatukufuata.

Pili, utafiti ukianza upya, mkitutaka tena tupo. Mkiona afadhali mwende Vigwaza, nendeni, lakini kila chupa ipelekwe nyumbani kwa mwenyewe. Msiwape watu wote juu ya mkeka mmoja. Tumekwisha kuelewa kwamba bila wenzetu wa kukosa, hakuna atakayejua kama dawa inafanya kazi au ni imani yetu tu. Bi Swaumu anasema bado hapendi, ila ameelewa, na yuko tayari kuwa miongoni mwa watakaokosa.

La tatu ndilo lililotusimamisha. Adila hayupo hapa leo kwa sababu hakualikwa. Hakukosea lolote. Tunaomba umrudishe kazini kwa kauli yako mwenyewe, sasa hivi, kwa sababu barua ya kumwondoa ilifika siku ile ile ya majibu ya damu, na za kurudisha watu tunajua zinavyokawia. Simu iko mezani mbele yako, namba yake tumeshaiingiza. Kijana wa bodaboda yuko mlangoni kwao Dunda, anasubiri abiria. Pilau limeiva tangu saa tano, na mgeni tunajua una njaa, utusamehe. Hatutakaa wala hatutapakua kabla hatujamsikia Adila akiitikia.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na hekima, awape wanao usingizi mwema, na akufanyie wepesi katika jambo hili dogo.

Ni sisi, watu arobaini tuliochanganya vidonge,
Washiriki wa Utafiti wa Usingizi, Kerege.