Msalaba wa Baba Caren

Truphena alikuwa ameulaza msalaba wa mbao katikati ya viti vya basi, akiupeleka Kisegi kwenye kaburi la mumewe, Baba Caren. Abiria waliuruka kwa adabu mpaka alipoingia mwanamume mmoja mwenye Biblia kwapani, akakaa kando yake na kusema anaitwa Elkana.

"Pole na msiba, mama. Lakini huo mti wa kukingama ungeutoa. Neno la Kigiriki lilimaanisha nguzo tu. Huu wa kukingama uliletwa na wapagani."

Truphena aligeuka kumkabili. Alikuwa amefundisha somo la dini miaka thelathini, na leo mtu asiyemjua anamsahihishia kaburi!

"Sasa wewe nisikilize," alisema. "Warumi walimbebesha mtu mti wa kukingama mabegani, halafu wakampigilia mikono huku na huku. Tomaso alitaka kuona alama za misumari mikononi, si msumari mmoja. Na Mathayo anasema shtaka liliwekwa juu ya kichwa. Kwa nguzo yako, mikono ikiwa imeinuliwa juu ya kichwa, lingekuwa juu ya mikono!"

"Hata nguzo inaingia misumari miwili, mama. Na Mathayo hakutuchorea picha."

"Basi na wewe usinichoree! Baba Caren alibatizwa mbele ya msalaba, na atalala chini yake."

Basi likasimama Kisegi. Elkana, bila kuombwa, akainama kumsaidia kuushusha. Akashika ule mti mrefu tu. Wa kukingama akamwachia Truphena.