Mabati ya Kanisa

Tangu Handeni, Naeku alikuwa ametega sikio kwa wazee wawili wa kiti cha mbele yake ndani ya basi.

"Mchungaji gani anaezua kanisa ili aezeke zahanati ya kijiji cha ujamaa?" alifoka Yonathani, mzee wa kanisa, utadhani mabati yalikuwa yake. "Nyumba ya Mungu imebaki kuta!"

"Jumapili mvua iliwanyeshea waumini wake, hawakuacha kuimba," alijibu Sadala, mkulima Mwislamu, kwa sauti ya chini. "Tukatoa mikeka ya msikitini, tukawafunika mpaka sala ikaisha. Mwili ulinisisimka, bwana."

"Lakini nyumba ya Mungu, Sadala!"

Basi likasimama Korogwe. Naeku alishuka, mgongoni amembeba mwanawe, aliyezaliwa kwenye zahanati ile, Jumapili ile ile, pasipo tone la mvua kumgusa.